Mama, hii ndiyo sababu nimemnyima mdogo wangu funguo

Naomba radhi kwa ukimya, zamu za usiku zilinibana kweli kweli. Huku Minnesota tu wazima, ila baridi imeshaingia na wala haikupiga hodi.

Leo naandika hasa kwa ajili ya Mama. Jumapili alinipigia simu amekasirika. Kwa nini nimemkatalia mdogo wangu gari langu, aende Chicago kula sikukuu na wenzake? "Yule ni mtu mzima, usimfanye mtoto." Nikamjibu kwamba hali ya hewa wiki hii si nzuri. Mama akacheka. "Kwani huko kuna nini, mvua?" Kwenye simu nilishindwa kueleza. Basi naeleza hapa, na wewe dada uliye naye nyumbani msomee polepole.

Alhamisi ya nne ya Novemba huku ni sikukuu ya Thanksgiving. Ni kama Idi au Krismasi kwetu, kila mtu anarudi kwao, na Jumatano yake barabara zinajaa. Sasa balaa ni kwamba wakati huo huo ubaridi wa Aktiki unaanza kushuka kutoka Kanada, na njiani hakuna mlima wa kuuzuia. Ukikutana na unyevu unaopanda kutoka Ghuba ya Meksiko, theluji inamwagika. Na jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo safari ndefu lazima uimalizie gizani. Chicago ni zaidi ya kilomita 600.

Ofisi ya hali ya hewa inayotuhudumia iko Chanhassen, nje kidogo ya Minneapolis. Kila siku inatoa mwelekeo wa siku saba za mbele. Hatari ikisogea, wanatangaza watu wakae macho, maana dhoruba inaweza kuja. Ikiwa imefika au iko karibu kabisa, wanatoa onyo. Mgeni husubiri onyo ndipo ashtuke. Mwenyeji anaanza kujipanga kwenye mwelekeo. Mimi nilijifunza hilo kwa gharama, na hapa Mama naomba unisamehe, kwa sababu sikuwahi kukwambia.

Ilikuwa Novemba 2019, nina miezi mitano tu huku. Tangu mwishoni mwa wiki redio ilikuwa inasema Jumanne usiku theluji itakuwa nyingi. Kazini walituambia tuje na begi la nguo, anayetaka alale hapo hapo. Mimi nikaona wananitisha tu. Nilikuwa na Corolla ya mkononi, matairi yameanza kuwa vipara. Jumanne tarehe 26 nikatoka zamu Saint Paul saa tano usiku, nikaingia barabara kuu ya 94 kurudi Brooklyn Park.

Jamani! Mistari ya barabara haionekani, theluji inakuja usoni kama pamba inapeperushwa. Nikakanyaga breki, gari likazunguka kama pia, likatumbukia mtaroni. Sikuumia. Nikawasha taa za dharura, nikaacha injini iunguruma nipate joto. Simu chaji imekwisha.

Baada ya kama dakika ishirini kichwa kikaanza kuuma. Nikadhani ni hofu. Halafu unesi ukaniamsha: bomba la moshi! Lilikuwa limezibwa na theluji. Ni kifo kile kile cha jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kile tunachokisikia kila mwaka huko nyumbani. Nikazima gari, nikatoka, nikafukua kwa mikono, glavu zenyewe za sufu nyepesi. Vidole vikafa ganzi, vikawa vyeupe.

Aliyesimama kunisaidia ni mzee mmoja Msomali, dereva wa teksi. Aliposikia lafudhi yangu akaanza Kiswahili cha Nairobi, akaniambia aliishi Eastleigh miaka mingi. Akanifunika koti lake, akanifikisha mpaka mlangoni, hela akakataa. Akaniuliza tu, "Redio hukusikia?" Nikasema nilisikia. Akatikisa kichwa.

Asubuhi yake theluji ilikuwa zaidi ya sentimita 15. Ulipopiga simu, Mama, nilikwambia nimechoka na kazi. Vidole viliniuma wiki nzima.

Wenyeji wenyewe wana kumbukumbu zao. Tarehe 11 Novemba 1940 asubuhi ilianza na joto, wawindaji wa bata wakatoka na nguo nyepesi. Dhoruba ikawakuta huko huko. Watu 49 walikufa hapa Minnesota.

Wiki hii mwelekeo unasema theluji Jumanne usiku, halafu upepo na baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Inaweza ikapita pembeni, hilo nalikubali. Hata kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa mwelekeo wa vuli, Baba huwa anaguna, lakini mbegu ananunua mapema. Basi na mimi funguo nimezificha.

Mdogo wangu amenuna, tangu jana hapokei simu. Atapoa. Alhamisi niko kazini mchana, begi la nguo limeshakaa mlangoni, na usiku nitampikia pilau. Chicago haihami, ataenda barabara zikisafishwa.

Mama, usihangaike, vidole vyangu vyote kumi vipo. Nambieni, vuli huko ikoje? Machungwa yameiva?

Nawapenda wote. Tutaonana Mungu akipenda.