Mahali pa Kulala Brussels

Kwetu Rumonge mgeni akishuka ufukoni hakosi kitanda wala mukeke. Ulaya sivyo: ukiomba viza ya Ubelgiji, huna budi kuonyesha mahali utakapolala kabla hujaondoka kwenu.

Nilipokwenda Brussels mara ya kwanza nilikuwa na njia tatu. Hoteli karibu na stesheni ya Midi ilikuwa ghali mno. Mtoto wa shangazi yangu, akaaye Matonge, mtaa uliopewa jina la ule wa Kinshasa, alinikaribisha bure. Lakini yeye, mkewe na watoto wamo katika vyumba viwili, na wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa siku kumi. Basi nikachagua bweni la wasafiri vijana katikati ya mji: vitanda sita chumbani kama shuleni, na chai ya asubuhi ndani ya bei. Grand-Place nilifika kwa miguu, bila nauli ya tramu. Jumapili nilikula kwa ndugu yangu, nikampelekea mawese ya kwetu. Tukaagana tungali tunapendana.

Vijana wenzangu, msitazame bei ya kitanda peke yake. Hesabuni nauli, chakula, na raha ya mwenyeji wenu pia.