Kompyuta Inataka Utanzu Mmoja

Kazi yangu ni kuorodhesha sauti. Watafiti na wanafunzi wanarudi kutoka vijijini na vinasa sauti vyao. Mimi nasikiliza, nanukuu, kisha naingiza kila faili kwenye kompyuta ili atakayeihitaji baadaye aipate. Jina la fanani, mahali, tarehe, lugha: hapo hakuna shida. Shida iko kwenye safu mbili zinazofuata, ya utanzu na ya hali, yaani jadi au kisasa. Usipochagua, kompyuta haihifadhi. Na inapokea jibu moja tu.

Walio nje wanaona hii ni kazi ya karani. Hadithi ni hadithi, wimbo ni wimbo, weka alama uende ukanywe chai. Basi waje wasikilize faili moja ya msibani.

Amefariki Mzaramo, watani wake Wanyamwezi wamefika. Mmoja amejilaza njiani, jeneza halipiti mpaka alipwe. Anaiga kikohozi cha marehemu. Anawatukana wafiwa, nao wanamrudishia. Anaingiza kisa cha deni ambalo marehemu amekwenda nalo, halafu humo humo anaanza wimbo wa kilio, wanawake wanaupokea, wengine wanalia na kucheka kwa pamoja. Mfiwa mmoja anasema hana hela mfukoni. Mtani anajibu: “Simu si unayo? Andika lipa namba, mwenzenu anachelewa.”

Sasa nichague. Kuiga ni maigizo. Matusi yale ni malumbano ya watani, kwa hiyo mazungumzo. Kisa cha deni ni masimulizi. Wimbo ni mbolezi, uko kwenye ushairi. Orodha tunayoifuata wengi ni ile ya mtaalamu wa fasihi simulizi, M. M. Mulokozi, iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Ni orodha nzuri, imetusaidia sana. Lakini makala ile ile ilisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, lina fanani wake, hadhira yake, mahali pake na wakati wake. Waliotengeneza fomu walichukua orodha wakaliacha sharti.

Kinachofanyika ni kukata. Faili moja inatoka vipande vinne, kila kimoja na namba yake. Baada ya muda anakuja mwanafunzi anataka mbolezi. Anapewa kipande cha wimbo ambacho kicheko kimebaki mwishoni, maana kisu cha kompyuta hakijui pa kupita. Nimeyasoma maelezo yaliyoandikwa baadaye: eti waombolezaji wa siku hizi hawana heshima na maiti. Mtani aliyewachekesha yuko kwenye namba nyingine, na mwanafunzi hakuiomba namba hiyo.

Ile sehemu ya lipa namba huwa haipewi hata namba. Inaondolewa kwa kuwa “si jadi”. Lakini kanuni ya utani msibani ni kwamba mfiwa atoe kitu ndipo njia ifunguliwe, na mtani yule aliishika kanuni hiyo barabara. Kilichobadilika ni mfuko zinakotoka fedha. Wanyamwezi na watu wa pwani wanakumbukwa kuwa walitaniana tangu enzi za misafara ya biashara. Bidhaa na malipo yamekuwemo kwenye utani huu siku zote.

Namba za kimataifa za ngano nazo zina matatizo yake. Faharasa ya ngano iliyoanzishwa na Antti Aarne mwaka 1910, ikapanuliwa na Stith Thompson, kisha Hans-Jörg Uther akaitoa upya mwaka 2004, ndiyo inayotumiwa kuiweka hadithi ya Sultani Darai karibu na ile ya paka wa Ulaya aliyemtajirisha bwana wake. Edward Steere aliichapisha hiyo ya Sultani Darai, ya Unguja, mwaka 1870, na humo mnyama ni paa. Ni kweli zinafanana, mpaka unapofika mwisho. Paka anayejulikana zaidi anaishia katika raha. Paa anaugua, bwana wake anamdharau, anakufa, na yule bwana anarudi jaani alikotoka. Anayesoma namba peke yake hajui kwamba hadithi ya Unguja ni ya kutokuwa na shukrani.

Wasimuliaji wenyewe wameshatujua. Kwenye faili nyingi, kabla ya hadithi kuanza, nasikia mzee akimwuliza mtafiti: “Mwanangu, unataka zile za zamani au hizi tunazosimuliana?” Mtafiti anataka za zamani. Basi anapewa Sungura na Fisi kama walivyo kwenye kitabu cha darasani, nami naambiwa nijaze “jadi”. Bibi aliyempandisha Fisi kwenye bodaboda, kwa mtindo aliorithi kwa mama yake, anajaziwa “kisasa”.

Siwaambii watu watupe tanzu. Bila tanzu nisingekuta hata faili moja humu ndani. Ninachofanya ni kuandika chini kabisa ya fomu, kwenye “mengineyo”: nani walikuwepo, kitu gani kilitangulia, nani alicheka na kwa nini. Safu hiyo kompyuta haiitafuti. Lazima mtu aifungue aisome. Kwa hiyo ukija kwetu na orodha yako ya tanzu, usiombe kipande. Omba faili nzima, na anza kuisoma kutoka chini.