Mama yake Kizito alikuwa wapi?



Sisi ni mume na mke, waamini wa parokia moja ya mjini Bukoba. Mungu ametujalia watoto watatu: wa kiume wa miaka tisa, wa kike wa miaka sita, na kitindamimba, naye wa kike, ambaye wakati wa safari hii alikuwa na miaka mitatu na nusu. Mwaka jana, shule zilipofungwa mwezi Juni, tulitimiza ahadi yetu ya siku nyingi ya kuwapeleka kutembea Uganda. Tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili. Mmoja wetu akaandika ratiba ya siku nne kwenye daftari, saa kwa saa, ili fedha yetu isipotee bure.

Ratiba ile ndiyo iliyotuponza.

Siku ya kwanza tulivuka daraja la Kyaka, tukapita mpakani Mutukula, na mchana tukafika Kayabwe, mahali mstari wa ikweta unapokatiza barabara. Watoto walitaka kuruka mstari ule bila kuchoka, mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Tuliwapa dakika kumi. Siku ya pili, kwenye bustani ya wanyama ya Entebbe, kitindamimba alichuchumaa kutazama sisimizi huku simba yuko mbele yake. Tulimvuta mkono. Tulijiambia kwamba hatukutoka Bukoba kuja kuangalia sisimizi.

Siku ya tatu tulipanga kwenda Namugongo asubuhi na Jinja mchana, kuona mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Kijana wetu alikuwa ameuota mto huo tangu tulipoondoka nyumbani.

Tulifika Namugongo mapema. Sikukuu ya tarehe 3 Juni ilikuwa imepita na umati wa mahujaji ulikuwa umekwenda zao. Tuliwaonyesha watoto Basilika iliyojengwa kwa umbo la nyumba ya Kiafrika, wakahesabu nguzo zake 22, idadi ya Mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Tukawasimulia habari za Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto hapo mwaka 1886, na za Kizito, mdogo kuliko wote, kijana wa miaka kama kumi na minne.

Binti wa miaka sita akauliza: "Mama yake alikuwa wapi?"

Tulitazama saa. "Alikuwa nyumbani," tukamjibu. "Haya twende, Jinja ni mbali."

Tulipofika kwenye gari tukahesabu watoto wawili. Baba alidhani mdogo yuko na mama, mama alidhani yuko na baba.

Anayepajua Namugongo anajua kwamba kuna ziwa dogo pale chini, na altare katikati yake. Sote wawili tulilifikiria ziwa hilo kwa wakati mmoja, ingawa hakuna aliyelitaja. Mmoja wetu alivua viatu akakimbia kuelekea majini, mwingine akarudi Basilika na wale wakubwa. Hatujui Kiganda, lakini tulipaza sauti kwa Kihaya, na neno "omwana" halikuhitaji mkalimani. Watu waliokuwa wakisali waliinuka na kuanza kutafuta pamoja nasi. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na utulivu ule ndio uliotutisha zaidi.

Zilipita dakika kama ishirini. Tulimkuta nyuma ya Basilika, ameketi kwenye mkeka wa bibi mmoja mzee, ndizi mbivu mkono mmoja, mkono mwingine akichezea rozari ya bibi huyo. Bibi hakutukemea. Alitucheka kidogo, akamnyanyua mtoto na kutukabidhi.

Tungependa kuandika kwamba tulipiga magoti tukashukuru. La hasha! Tulianza kulaumiana, pale pale, mbele ya watoto. Aliyetunyamazisha ni binti wa miaka sita.

"Na mama yake Kizito," alisema, "naye alimtafuta hivi?"

Tuliketi kwenye nyasi, sote watano. Safari hii tulimjibu taratibu. Tulimweleza kwamba vijana wale walitolewa makwao kwenda kutumika katika jumba la Kabaka, mbali na mama zao. Tulimweleza habari za Mbaga Tuzinde, aliyekuwa wa jamaa ya Mukajanga, mkuu wa wauaji, na jinsi ndugu zake walivyomsihi akane imani ili aokoke. "Basi walikuwa wanampenda," alisema. Ndiyo, walikuwa wanampenda. "Na mama yake Kizito alilia." Bila shaka alilia.

Kila Juni tumeimba sifa za Mashahidi hao, na hatukuwahi kuwafikiria wazazi wao hata mara moja. Ilitubidi kukosa mtoto kwa dakika ishirini ili swali la binti yetu lituingie.

Jinja hatukwenda. Kijana alilia, na alikuwa na haki ya kulia, kwa maana tulimwahidi. Kesho yake, tukirudi nyumbani, tulisimamisha gari baada ya kuvuka daraja la Kyaka, tukamwonyesha Mto Kagera. Tukamwambia kwamba maji yale yanaingia katika ziwa letu, na ziwa likimwagika Jinja, linakuwa Nile. Aliyatazama kwa muda mrefu, na hakuna aliyetazama saa. "Lakini bado mtanipeleka," alisema. Tumeanza kuweka akiba tena.

Nyumbani, tukifika kwenye tendo la tano la furaha, Maria na Yosefu wanapomkuta Yesu hekaluni, sauti zetu hubadilika. Nao walidhani mtoto yuko na wenzao njiani. Zamani tulikuwa tunalisali tendo hilo tukisinzia, maana ndilo la mwisho.

Ndugu msomaji, ukiwapeleka watoto matembezi, ratiba iandike, ni jambo jema. Ila acha nafasi ya sisimizi, na mtoto akiuliza swali, saa isikujibie.