Kijana Wetu na Kamba ya Maisha

Juma hili tunaacha kidogo habari za sabuni na likelemba, tuwaambie jambo lililotusumbua mwaka mzima.

Mwenzetu mmoja alimpokea kijana wake kutoka pori la Shabunda. Wenye silaha walimchukua akiwa na miaka 14, akarudi akiwa na 21. Tulipika sombe na sambaza, tukaimba, tukacheza. Tulifikiri vita imeisha katika nyumba ile.

Lakini usiku alikuwa anapiga kelele. Mtu akiangusha sufuria, yeye analala chini kifudifudi. Siku moja mama yake alimshika bega ili amwamshe, naye akamkaba shingo kabla hajamtambua. Kesho yake mama alikuja kwenye mkutano na kitambaa shingoni, akasema ana mafua. Sisi sote tulielewa, na sisi sote tukanyamaza.

Halafu tukaanza kushauri. Wengine walisema amelogwa. Wengine, afunge siku tatu kwenye chumba cha maombi. Wengine, apewe mke. Hakuna aliyemuuliza kijana mwenyewe.

Tulikuwa pia na sababu ya kukaa mbali naye. Kati yetu kuna wamama walioteswa na wanaume wenye bunduki. Mmoja alisema wazi: “Nitaanzaje kumhurumia? Mimi nani alinihurumia?” Hatukuwa na jibu.

APS wa kituo cha afya ndiye aliyetufungua macho. Alisema huo ni ugonjwa wa kiwewe: akili inashika hofu bila kushika tarehe yake, ndiyo maana sufuria ikianguka leo, kwa mgonjwa ni risasi ya siku ile. Kuna tiba fupi ya kusimulia maisha, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Walijaribu namna yake kwa wapiganaji wa zamani hapa hapa mashariki mwa Kongo, na utafiti ukatoka mwaka 2013: waliotibiwa walipungukiwa na dalili za kiwewe kuliko wenzao. Hakuna vidonge. Mara nyingi ni vikao 4 mpaka 12, kila kimoja kama saa moja na nusu, na anayesimamia si lazima awe daktari, mradi amefundishwa vizuri.

Kazi inaanza kwa kamba kulazwa chini, tangu kuzaliwa mpaka leo. Furaha inawekewa ua, jambo la hofu linawekewa jiwe. Na ubaya ambao mpiganaji aliwafanyia wengine unawekewa kijiti, haufichwi. Kisha jiwe moja moja linasimuliwa polepole: aliona nini, alisikia nini, mwili ulifanya nini, mpaka anarudi salama katika siku ya leo. Mshauri anaandika, na mwishoni anamsomea maisha yake yote.

Kijana alikwenda vikao saba. Baada ya cha tatu alizidi kuwa mbaya, na mama yake alitaka kumwachisha. APS alikuwa ametuonya kwamba hiyo inaweza kutokea, basi tukalala kwa zamu nyumbani kwake. Siku ya mwisho kijana alimwambia mama yake neno moja tu: “Mama, niliweka maua nane. Sikufikiri yanafika nane.”

Sasa analala. Si kila usiku. Risasi zikilia kartieni, anatetemeka tena. Lakini mama yake hafungi tena kitambaa shingoni.

Na yule mwenzetu aliyeuliza swali gumu? Hajamsamehe mtu, na hatumlazimishi. Ila alimuuliza APS: “Hiyo kamba, hata mimi naweza kuipata?” Akaambiwa ndiyo, hata waliotendewa wanatibiwa hivyo. Ameanza juma lililopita. Hatumuulizi anasema nini kule; tunamshikia mtoto.

Basi, wamama, mkiwa na mtu wa namna hii nyumbani, msimwamshe kwa kumgusa: simameni mlangoni, mwite jina lake. Msimlazimishe kusimulia mbele ya watu, wala msijaribu kazi ya kamba wenyewe. Ulizeni APS kwenye kituo cha afya. Na mkimwona mwenzenu na kitambaa shingoni wakati wa joto, msinyamaze kama tulivyonyamaza sisi.

Tuonane siku ya posho.