Dindira: Hesabu ya Nusu na Hesabu ya Makumi

Ukipanda milima ya Usambara hadi Dindira, wilayani Korogwe, utafika nchi ya chai, zao lipimwalo kwa kilo: hesabu ya makumi. Zamani ilitumika hesabu ya nusu. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na rupia ya Wajerumani ilikuwa na pesa 64. Ukiigawa nusu mara sita, hubaki pesa moja kamili. Mwaka 1904 rupia ikafanywa heller 100, ndizo hela. Mia hugawika nusu mara mbili tu, ikafika 25. Thumuni yake si nambari kamili. Makumi humfaa karani. Nusu humfaa mama agawaye unga. Wafunze watoto hesabu zote mbili, wasije wakapunjwa sokoni.