Kumbukumbu Haijaisha

Waandishi wenzangu, karatasi iliyopitwa na wakati inakula hela ya mtu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, kompyuta ikaongea Kiswahili. Safi kabisa. Lakini maandishi yakishatafsiriwa, nani anayafuatilia?

Kijiweni kwetu Tandika, mwongozo wa Linux wa mafundi ulisema: MemFree ikiwa ndogo, mteja anunue RAM nyingine. Mama mmoja wa steshenari alikuwa tayari kuvunja kibubu.

Kumbe Linux haiachi kumbukumbu ikae bure! Nafasi isiyo na kazi huwekea mafaili yaliyosomwa karibuni. Programu ikihitaji, sehemu kubwa inaachiwa. Ndiyo maana mwaka 2014 toleo la 3.14 likaongeza MemAvailable, makadirio ya nafasi inayoweza kupatikana kweli.

Basi nikafuta mstari ule, nikaandika: "Soma MemAvailable kwanza."

Fundi mkubwa akanuna. "Dogo, unatuulia soko."

"Kaka, mama akirudi na kompyuta ileile, bado nzito, utamwuzia nini tena?"

Hakujibu. Karatasi mpya nimeiwekea tarehe juu kabisa, ili atakayenifuata ajue umri wake.