Damu ya mama inasema habari ya kondo

Wengi wetu hapa Lubumbashi tuna ndugu Ubelgiji. Kule, tangu Julai 2017, bima ya afya inasaidia kila mama mwenye mimba kulipia kipimo cha damu kinachotafuta kasoro za kromosomu.

Cha dada yangu kilionyesha kromosomu ya 13 ziko 3 badala ya 2. Habari ilipofika nyumbani Katuba, watu walilia kama kwenye matanga. Wengine wakataja ulozi.

Nilimuuliza munganga. Akanieleza: vipande vya ADN vinavyopimwa katika damu ya mama vinatoka kwenye kondo la nyuma, si kwa mtoto mwenyewe. Kondo na mtoto vinatoka katika yai moja, lakini mara nyingine kondo peke yake ndilo lenye kasoro. Kwa hiyo kipimo hicho ni onyo, si hukumu. Hakikisho linatafutwa katika maji yanayomzunguka mtoto, kuanzia juma la 15.

Dada angali anangoja. Sisi tumenyamazisha maneno ya ulozi, maana hata jibu likiwa baya, hakuna aliyemroga.

Nanyi mkipata simu ya namna hii, ulizeni kwanza: maji yamekwisha kupimwa?